Mpira Uliokwenda Kulia

Kuna watu ambao chakula cha msibani hakiwapiti kooni. Mimi kinanipita vizuri tu. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Ambakisye kule Mwaya, na nilipoletewa sahani ya wali na maharage kwenye mkeka wa wanawake niliumaliza wote, nikapitisha kidole pembeni mwa sahani, nikalamba. Nilipoinua macho nikamwona Tumpe upande wa pili wa mkeka, kitenge amekivuta mpaka kwenye nyusi, ananitazama na kutabasamu. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka arobaini. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyefurahi kweli kuniona, na wali ukanipanda hadi kooni, nikaumeza mara ya pili. Mimi ni bibi wa watu sasa. Nimestaafu kwa heshima, nikapewa cheti na saa ya ukutani, na sebuleni kwangu kuna picha ambayo kila mgeni huiulizia: mimi nikiwa kijana, fimbo ya gofu juu ya bega, kitovu kimeelekea mbele, uso umeinuka kuufuata mpira. Wanauliza binti wa Kyela aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga alijuaje gofu. Huwa nawapa hadithi fupi, wanacheka, tunakunywa chai. Ile ndefu sijawahi kumpa mtu, kwa sababu inanitia kinyaa, na ninaposema kinyaa namaanisha kile cha kweli, cha mate kujaa mdomoni.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Kampuni moja iliyokuwa ikinunua kakao kwa wakulima wetu ilikuwa na meneja mwenye wazimu wa gofu, mtu wa pwani aliyesoma nje, nasi tukimwita Meneja basi. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na shamba la chai juu milimani, na huko kulikuwa na uwanja wa gofu wa wageni. Meneja alitaka walimu wasaidizi wawili wa kuwafundisha wanaoanza, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na badala ya kuwatafuta mjini akaamua kuwatengeneza mwenyewe huku chini ziwani. Malisho yaliyokuwa kati ya ghala la kakao na ufukwe yakafyekwa, yakachimbwa mashimo sita, mikebe ya rangi ikazikwa ndani yake, na hiyo ikawa shule. Wanawake tulianza wanne, wawili wakaacha mvua zilipochanganya, tukabaki mimi na Tumpe. Atakayechaguliwa angepata ajira ya kudumu na chumba chake mwenyewe, chenye mlango na ufunguo. Mimi nilikuwa nalala jikoni kwa shangazi, kuku wakinipanda miguuni alfajiri, na nilikitaka chumba kile kwa uchu ambao leo nauona mbaya hata kuutaja.

Tumpe alikuwa na sababu nzito kuliko kuku. Mume wake alikuwa amevukia Kasumulu kwenda kutafuta kazi, akafika Malawi, akaendelea mpaka Afrika Kusini, kisha akanyamaza. Yeye akabaki kwenye mji wa wakwe zake na binti yake wa miaka mitatu, Bupe. Siku moja tukipepeta mchele nyuma ya ghala aliniambia yote bila kulia, kama mtu anayeelekeza njia. "Mawifi wamechoka kunilisha, Sekela. Wanasema mke wa mtu asiyekuwepo si mke. Mavuno haya yakiisha nitarudishwa kwetu, na mtoto atabaki, maana ng'ombe walitolewa. Lakini yule mzee amesema mbele ya ndugu zake: nikipata kazi na pa kukaa, niondoke na Bupe, hakuna atakayenizuia." Yule mzee ni baba mkwe wake, huyu tuliyemzika. Tumpe hakuwahi kumtaja jina, na asingeweza. Kwetu mke wa mtoto humheshimu baba mkwe kwa kumkwepa: hamtaji jina, hamtazami, hamwelekezei uso wala kifua, wakikutana njiani mwanamke hutoka pembeni, akajiinamia na kujifunika mpaka mzee apite. Siku hizi wapo wanaoona ni mambo ya kale na wanasalimiana mezani. Tumpe hakuwa wa hao, na mzee naye hakuwa wa hao.

Darasa letu siku za mvua lilikuwa ghalani. Upande mmoja kulikuwa na masanduku ya mbao ya kuvundikia kakao, yamefunikwa majani ya migomba, yakitoa ile harufu kali ya siki inayoingia kwenye nywele na isitoke hata ukioga ziwani. Upande wa pili fimbo zimesimamishwa ndani ya pipa, na mipira ndani ya gunia lililokuja na Kochi kutoka ng'ambo ya Songwe. Gunia lile lilikuwa limebeba usipa kabla ya kubeba mipira, na mipira ile ilinuka dagaa mpaka siku ya mwisho. Kochi mwenyewe alikuwa Mmalawi mnene aliyejifunza gofu kwenye mashamba ya chai ya kwao. Nilimchukia toka siku ya kwanza, na sababu ilikuwa kinywa chake. Alikula akifundisha. Aliletewa mbasa wa kuchemsha kwenye bakuli, akimnyonya kichwa kwa sauti, akitoa miiba kwa ncha ya ulimi na kuipanga kwenye ukingo wa sanduku la kakao, kisha kwa vidole vile vile akakushika mkono kukuonyesha mshiko. Wadudu wa ziwani walipokuja kwa mawingu na watu wakawakamua kuwa mikate myeusi, yeye aliubeba mkate wake mfukoni umefungwa kwenye glavu ya gofu. Nilikuwa nanawa mikono mara tatu baada ya kila somo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga, Kiingereza chake kilikuwa safi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha sekondari, nilikuwa mkalimani wake. Kila alichosema kwa wenzangu kilipita kwangu, na kila walichotaka kumwambia kilipita kwangu vile vile.

Nimpe haki yake: kufundisha alijua. Alisema kila mtu huja kwenye tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza, na mwili wa kazi zake, na makosa yote yanatoka humo. Sisi watu wa mpunga tuliinua fimbo wima na kuishusha kama jembe, tukaupiga mpira kwa kuuparua kutoka nje kuja ndani, na ukaruka kwa kupinda kwenda kulia. Yeye akatugeuzia mikono kidogo juu ya mpini mpaka tukaona vifundo viwili vya mkono wa kushoto, akatusogezea mpira mbele usawa wa kisigino cha kushoto, akatuambia tuipeleke fimbo nyuma chinichini kwanza kabla ya kuinua. Kijana mmoja Mkisi kutoka Lyulilo aliyumba kulia na kushoto kama yumo ndani ya mtumbwi. Kochi alimsimamisha na nyonga ya kulia ikigusa nguzo ya ghala, akamwambia ageuke bila kuisukuma nguzo. Mimi kosa langu lilikuwa kuinuka. Fimbo ikikaribia mpira, magoti yalinyooka na kichwa kikapanda kabla ya wakati, nikaupiga mpira utosini ukabiringika kama limao. Aliniwekea majani ya mgomba chini ya mpira na kuniambia nitazame yale majani mpaka baada ya mpira kuondoka. Wiki mbili nikapona. Aliweza kutazama mtu akipiga mara moja na kusema kosa liko goti gani, na mara nyingi alikuwa amepatia.

Tumpe hakuhitaji majani. Alikuwa amekulia kwenye kufyeka, na anayejua kufyeka nyasi kwa fyekeo tayari anajua nusu ya gofu: kiuno kinatangulia, mikono inafuata, chuma kinapita chini na kuendelea. Kwenye tii ya pili, ile iliyoelekea ghala, mpira wake ulikwenda juu na moja kwa moja, na wanaume waliacha kuongea. Tii ya tatu hivyo hivyo, na zote zilizofuata. Ila tii ya kwanza ilikuwa janga. Pale mpira wake uliondoka kulia, kila siku, mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Sababu ilikuwa imekaa mbele yetu kwenye kigoda. Mzee Ambakisye alikuwa ameajiriwa kufyeka uwanja, na Meneja alimwagiza kwamba watu wakianza kupiga tii ya kwanza akae mbele kule upande wa kushoto, chini ya mchikichi, aone mipira inapoangukia, asibanduke. Anayepiga kwa mkono wa kulia husimama ubavu, bega la kushoto likielekea kule anakotaka mpira uende. Akishapiga na kumaliza, mwili wote unageuka, na kifua, kitovu na uso vinaishia kutazama mbele. Tumpe angemaliza pigo lake kwenye tii ya kwanza, angeishia ameelekea kifua wazi na uso juu kwa baba mkwe wake. Kwa hiyo hakumaliza. Fimbo ilipogusa mpira alikifunga kiuno, akainamisha uso, mikono ikakwama, na uso wa fimbo ukabaki wazi. Ukifanya hivyo mpira hauna pa kwenda ila kulia.

Wanyakyusa wote tuliokuwepo tuliliona jambo hili ndani ya wiki ya kwanza. Wanaume walicheka pembeni wakaliacha, kwa kuwa kumsema mkwe wa mtu mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, na pia hawakuwa wanashindana naye. Kochi, kama Meneja, hakujua. Alimhangaikia Tumpe kwa miezi. Alimbadilishia mshiko ambao haukuwa na kosa. Alimfunga kitambaa kwenye viwiko. Alimshushia kijiti cha kuwekea mpira, akampandishia, akamwambia apige miguu imebanana, akamwekea mpira nyuma, akaurudisha mbele. "Achemwali, maliza! Tumbo litazame ziwa!" alikuwa anapiga kelele, akimwita dada kwa lugha ya kwao, na mimi natafsiri kwa sauti tulivu, "Anasema umalize, Tumpe, tumbo litazame ziwani." Tumpe alijibu kwa kuniangalia mimi, si yeye: "Nimesikia." Aliniangalia hivyo kila mara, akisubiri niongeze neno. Yeye asingeweza kulisema kwa mwanaume mgeni, tena kwa lugha ya kuunga, na aliogopa mzee akihamishwa vibaya atapoteza kibarua chake kwa ajili yake. Alisubiri mkalimani afanye kazi ya mkalimani. Jioni nilikuwa najiambia kwamba hajaniomba, na ni kweli hakuniomba.

Kisha likaja lile la ghalani. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mimi nimekaa nyuma ya masanduku napanga mipira, na Meneja na Kochi wamekaa upande wa pili wa masanduku wakila ndizi na samaki. Hawakujua nipo. Nilisikia kila kitu pamoja na kutafuna. "Yule Sekela je?" Meneja aliuliza. Kochi akanyonya mwiba. "Sekela ni sawa. Anafuata maelekezo. Lakini mchezaji ni yule mwingine, yule mke wa mtu. Ana ugonjwa wa tii ya kwanza tu. Nikiujua ugonjwa wenyewe, hakuna haja ya mtihani, mpeleke yeye." Meneja akasema, "Wageni kutoka milimani wanakuja mwisho wa mwezi, watataka kuona tii ya kwanza." Kochi akasema, "Nitaujua." Nilikuwa na mpira mkononi, umenuka dagaa, na nilikuwa nimeubana mpaka kiganja kikauma. Sikumwonea Tumpe huruma hata kidogo. Niliwaza tu: asiujue.

Siku tatu baadaye Mzee Ambakisye aliniita. Alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mchikichi ananoa fyekeo, na mkewe alikuwa ameniletea kipande cha ndizi ya kuchoma kwenye jani, kwa hiyo nikakaa. Aliuliza habari za shangazi, habari za mpunga, habari za mvua, kila moja kwa wakati wake, maana alikuwa mtu asiyeruka salamu. Halafu akaweka fyekeo chini. "Mwanangu, wewe ndiye unaongea na yule Kochi. Mimi siwezi kumtaja mkwe wangu mbele ya mwanaume wa mbali, na Meneja nikimwambia atadhani natoroka kazi. Mwambie Kochi aniweke nyuma ya tii, au kule kwenye mashimo ya mwisho, popote. Mimi ndiye ninayemharibia yule mtoto. Kila akipiga naona anavyojikata katikati. Mwambie ni desturi yetu, ataelewa, naye ana wakwe." Nikatafuna ndizi. "Nitamwambia, tata," nikasema, kama anavyojibiwa baba. Akashika mikono yangu yote miwili kunishukuru, mikono yake ikiwa na unga wa jiwe la kunolea. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Nikala ndizi yote. Nakumbuka ilikuwa imeiva vizuri, imeshika moshi kidogo upande mmoja.

Kesho yake asubuhi nafasi ilikuja yenyewe. Kochi alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, hajala, na hilo peke yake lilitakiwa kunishtua. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hajalala vizuri, anaota mpira ule unakwenda kulia. "Sekela, wewe ni mwanamke mwenzake, mnashinda pamoja. Unaona nini mimi nisichokiona? Kosa lake ni nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali wazi kuliko hilo. Mzee alikuwa anaonekana kwa mbali amekaa kwenye kigoda chake. Ningenyoosha kidole tu ingetosha. Nikajifanya nafikiri. Nikasema, "Mshiko, Kochi. Nadhani mkono wa kulia unakuwa dhaifu." Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa kwa shukrani, akasema labda nina jicho zuri, nitafaa kuwa mwalimu. Siku hiyo akaanza upya kumgeuza Tumpe mikono, akamgeuza mpaka hata kwenye tii ya pili mpira ukaanza kupotea. Alikuwa ameharibu kile ambacho Tumpe alizaliwa nacho, na alikiharibu kwa neno langu. Jioni mzee aliniuliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyejaribu akakataliwa. Hata sikusema uongo kwa mdomo. Nilimwachia auseme mwenyewe moyoni mwake.

Siku ya wageni ilikuwa ya jua, na uwanja ulikuwa unatoa mvuke. Walikuja wanaume wawili na mama mmoja kutoka shamba la chai, wakakaa kwenye viti vya ghalani, wakaziba pua kwa vitambaa kwa ajili ya kakao. Kila mmoja wetu alitakiwa kupiga mipira mitatu kutoka tii ya kwanza. Nilitangulia. Nilitazama nyasi, sikuinuka, nikamaliza. Mmoja haukwenda mbali lakini yote mitatu ilikwenda mbele. Akaja Tumpe. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mama mkwe alikuwa amekuja na Bupe mgongoni, wamesimama nyuma kabisa ya watu. Ndipo mzee alipofanya alichoweza kufanya: akiwa kule kwenye kigoda, aligeuka akatupa mgongo na kujifunika kichwa kwa gunia. Tumpe aliona. Nilimwona akivuta pumzi. Akainua fimbo, na mwili ukaanza kugeuka, kiuno kikatangulia kama zamani, na Meneja akapaza sauti kwa nguvu zote: "Wee mzee! Unalala kazini? Geuka utazame mpira!" Fimbo ilikuwa bado hewani. Mzee akashtuka, akageuka na gunia likaanguka. Tumpe akajikata katikati na mpira ukaenda kulia.

Hakupiga mingine. Alilaza fimbo chini taratibu, akapiga magoti palepale kwenye tii, akajiinamia na kujifunika kwa kitenge, kama ambavyo angefanya njiani. Wageni wakatazamana. Yule mama akacheka kidogo, si kwa ubaya. Meneja, mtu wa pwani asiyejua lolote, akanigeukia mimi. "Anafanya nini huyu? Anaumwa?" Kochi naye akanigeukia, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameanza kunusa jambo, kwamba anatazama mbali kule kwa mzee na kurudi kwa Tumpe. Nilikuwa na lugha tatu kinywani siku ile. "Sijui, bosi," nikasema.

Nilipanda milimani baada ya wiki mbili. Chumba kilikuwa na mlango na ufunguo, na dirisha la kutazamia chai. Tumpe alirudishwa kwao kabla mavuno hayajaisha, na Bupe akabaki. Mimi nikafundisha gofu miaka yote hiyo, kwanza huko juu, baadaye sehemu nyingine, na kama kuna jambo wanafunzi wangu wanalikumbuka ni kwamba sikuwaruhusu kukata pigo. Mpira ukienda kulia, sikugusa mshiko kwanza. Niliwauliza: unaogopa kutazama nini huko mbele? Walidhani ni mbinu ya kitaalamu, wengine waliiandika kwenye daftari. Kwa miaka mingi nilikuwa nikihadithia uchafu wa Kochi, miiba yake, glavu yake yenye mkate wa wadudu, na watu walikunja nyuso na kucheka. Leo nikimkumbuka namwona mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya mwanafunzi. Vidole vyake vilinuka samaki, basi. Maji na sabuni vingetosha.

Baada ya mazishi Tumpe alinishika mkono tukatoka nje ya mji. Kabla hatujatoka, mwanamke mmoja mrefu alituletea maji ya kunawa, akapiga goti, akasema shikamoo kwangu kisha kwa Tumpe, kwa adabu ile ile, sawasawa, ile unayompa mgeni. Tumpe akanawa polepole kuliko ilivyohitajika. "Huyo ndiye Bupe," aliniambia yule alipokwisha kwenda. "Ana watoto wanne. Ni mtu mzuri. Mzee alimlea vizuri." Tulitembea mpaka kwenye uliokuwa uwanja. Ghala limeezuliwa mabati, na mashimo sita yapo chini ya mpunga mahali fulani, na mikebe yake. Mahali pa tii ya kwanza pamebaki kimwinuko chenye nyasi, ng'ombe mmoja amefungwa hapo. Mchikichi bado upo. Tumpe aliokota mpini wa jembe uliokuwa umetupwa kwenye tuta, akaushika, na mikono yake ikakaa kama ilivyokuwa kabla hatujaiharibu. Akavua kitenge kichwani, akakifunga kiunoni. Akasimama ubavu. Kisha mwanamke huyu wa miaka sitini na zaidi akaupeleka mpini nyuma chinichini, akauinua, akaushusha, na kiuno kikatangulia, na akamaliza. Alimaliza kabisa, kifua na kitovu na uso vikitazama mchikichi, na ziwa nyuma ya mti. Akabaki hivyo kwa muda, mpini begani. Chini ya mchikichi hapakuwa na mtu.

"Naona leo ungekwenda mbele," akasema, akacheka. Halafu akauweka mpini chini na kunishika mikono yote miwili. "Sekela, sijawahi kukushukuru. Mama mkwe alinieleza kabla sijaondoka. Alisema yule mzee alikutuma kwa Kochi, ukaenda, ukasema kwa niaba yetu, Kochi akakataa. Na Bupe ananiambia mzee alikuwa akilisimulia mpaka uzee wake: watu wote walinyamaza, binti mmoja ndiye aliyetuombea. Ndaga. Mwenzangu, nakuambia, jambo hilo lilinisaidia miaka ile. Nilikuwa nikilala nawaza, angalau mmoja alisema."

Alikuwa amekishika kiganja changu pale pale Kochi alipokuwa akikishika. Jua lilikuwa usoni kwake, ameniinulia uso wote, hakuna alichokuwa anakikwepa. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ng'ombe alitafuna, akageuka, akatafuna tena. Mimi nina umri wa kufa, sina chumba cha kugombania, hakuna wa kuninyang'anya saa ya ukutani, na yote aliyotaka kwangu alikuwa anadhani nimeshampa. Nikafungua mdomo.

"Kochi alikuwa kichwa kigumu sana," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanisikitikia. Wakati wa kuondoka alinifungia mchele mpya kwenye kitenge chake, ule wenye harufu, akasema nikampikie mume wangu. Niliupika siku ile ile niliyofika nyumbani. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba hautashuka kooni. Ulishuka, na kesho yake nikapika uliobaki.